Mashine ya Urefu wa Vyumba Viwili

Mtaani walimwita Mama Msasa, na jina lilimkaa vizuri, kwa sababu ukishikana naye mkono ulijua umeshikwa na nani. Mumewe, Fundi, alikata mbao na kuziunga. Yeye akapiga msasa na vanishi. Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao wenyewe, na nyuma ya ukuta wake kulikuwa na chumba cha mtoto wao wa pekee, mwanamume mzima aliyeaga asubuhi moja kwenda kutafuta kazi mbali. Alipiga simu mara kadhaa. Kisha simu ikawa haipatikani, na miaka ikapita ikiwa haipatikani vilevile. Mama Msasa alikifagia chumba kile kila Jumamosi na kutandika kitanda upya, na ole wake mtu aweke humo hata ndoo.

Sasa, kukata plaiwudi nzima si kazi ya mtu mmoja, asikudanganye mtu. Mmoja anasukuma, mwingine anashika upande wa pili usiiname. Zamani upande huo aliushika kijana wao. Alipoondoka akashika mama yake, mpaka bega likagoma. Mwezi uliopita plaiwudi ilimponyoka, ikabana diski ya msumeno, ikarushwa nyuma na kumpiga Fundi tumboni. Jamani, alilala wiki nzima akiugulia kama mtoto. Alipoinuka akasema basi, wanunue msumeno wenye meza inayoteleza. Mama Msasa hakubisha hata kidogo. Ile sauti ya mumewe kudondoka ilikuwa bado masikioni mwake.

Dukani walipokewa na muuzaji mwenye maneno, yule wa kumuuzia mwenye kipara kitana na akaondoka anashukuru. Aliisukuma meza ya mashine kwa kidole kimoja, nayo ikaenda na plaiwudi nzima juu yake, laini kama droo iliyopakwa nta.

"Mama yangu, umeona? Meza ndiyo inabeba. Mtu wa upande wa pili humhitaji tena!"

Mama Msasa alicheka kwa adabu, lakini neno lile lilimchoma. Mtu wa upande wa pili alikuwa na shati lake msumarini, nyumbani, limepigwa pasi.

Misumeno ilikuwa miwili. Ule mfupi ulitaka plaiwudi ipasuliwe vipande kwanza, yaani mateso yaleyale. Ule mrefu uliimeza nzima.

"Ila mrefu unataka nafasi," muuzaji alisema. "Ikiwa imetulia, mashine hii inadanganya watu. Meza inatoka mbele, inatoka nyuma. Karakana yenu ina urefu gani, mzee?"

"Mita saba," Fundi alijibu, upesi mno.

Mama Msasa alimgeukia. Karakana ilikuwa na mita nne. Aliifagia kila siku, angeshindwaje kuijua? Alifungua mdomo amsahihishe, ndipo hesabu ikamjia yenyewe. Nne za karakana, na tatu za kile chumba.

"Umepima lini?"

"Nilipokuwa mgonjwa. Ulikwenda sokoni."

"Ukaingia mle na futi, ukapima."

"Niliingia."

Muuzaji, mjanja, akaenda kufuta vumbi mahali pasipo na vumbi.

"Kwa hiyo umeshamzika," Mama Msasa alisema. "Umesikia nini ambacho mimi sijasikia? Niambie!"

"Sijasikia kitu, mke wangu. Ndiyo hiyo. Sijasikia kitu."

Mama Msasa alikuwa na maneno tele, ya miaka, na angeyamwaga yote pale dukani, watu wakome. Lakini alimwona mumewe alivyojishika tumbo kwa kiganja, na hasira ikamtoka, na ilipotoka hakikubaki kitu. Aliona kwamba hata yeye, Jumamosi zile, hakuwa akimtandikia mtu tena. Alitandika kwa kuogopa siku atakayoacha. Moyo ukamwisha kabisa.

Muuzaji alirudi na tabasamu lake. "Haya, wazee wangu. Nikija kufunga nawafundisha wote, asiachwe mtu. Nyumbani mko wangapi?"

Swali hilo siku zote lilikuwa lake. Wageni waulize, majirani wapya waulize, yeye ndiye aliyejibu: watatu. Na Fundi alinyamaza, kila mara.

"Wawili," Mama Msasa alisema. "Tuko wawili tu. Tuletee mrefu."

Alidhani mumewe atashusha pumzi. Kumbe Fundi alikuwa ameegemea meza ya mashine, na meza ikateleza chini ya mkono wake, akayumba, akaketi sakafuni pu! Mtu mzima, mvi kichwa kizima, akaanza kulia kwa sauti, na wateja wakageuka.

"Nini tena?" Mama Msasa alimwinamia. "Si ndicho ulichokitaka?"

"Nilidhani utakataa," Fundi alisema. "Mimi nilishakata tamaa zamani, lakini nililala usingizi kwa sababu wewe ulikuwa bado hujakata. Nilipima chumba nikijua utakataa."

Mama Msasa alipiga magoti kando yake, akamshika uso kwa ile mikono yake ya kukwaruza. Alitaka kumwambia kwamba amekosea, kwamba bado wako watatu. Alijaribu, Mungu anajua alijaribu, na neno halikutoka.