Bonge Olguín Apigwa Mayai Kabla ya Mtihani

Niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa Nicanor: ni mimi niliyesema mtihani wa Bonge ni Jumanne. Wala sikusema "nadhani Jumanne". Nilisema Jumanne, nikagonga na meza, na wanaume wote wa tanuri la chokaa wakaniamini, kwa sababu mimi Zulema ndiye ninayepokea gesi hapa na sijawahi kukosea kusoma geji hata siku moja. Kumbe kalenda si geji.

Huku kwetu bomba la gesi halijafika wala halitafika. Tanuri linakula gesi inayoletwa kwa lori, imeshindiliwa kwenye mitungi mirefu iliyopangwa juu ya tela, na kwa miaka tisa anayeileta ni Anselmo Olguín. Tunamwita Bonge, naye anaitika. Kazi yake ni kuacha tela lililojaa na kuchukua lililoisha. Tatizo ni kwamba lililoisha mara nyingi halijaisha. Anakuta limebakiza gesi ya saa mbili au tatu, basi anakuja kukaa kibandani kwangu, tunakunywa mate (si ya mdomoni, ni chai ya majani ya huku kwetu) kwa zamu kutoka kibuyu kimoja, huku akilalamika kwamba mate yangu ina sukari ya kuua ng'ombe. Lakini anaimaliza.

Kila mwezi wa nane madereva wa gesi wanajaza fomu upya. Fomu hiyo ina visanduku vya elimu, na kila mwaka Bonge alikuwa akiweka alama kwenye "sekondari, hakumaliza", huku amefunika kwa kiganja nisione. Nisione nini, na fomu nazipokea mimi? Miaka mitatu iliyopita aliweka kalamu chini, akaniambia, "Zulema, nina miaka hamsini na sita. Hiki kisanduku kimenichosha."

Akajiandikisha shule ya watu wazima mjini Jáchal, anakoishi. Zile saa za kungojea tela zikageuka saa za masomo. Mimi namshikia kitabu, namuuliza, akikosea namnyima mate. Alifaulu yote. Yote, isipokuwa fizikia. Fizikia ilimwangusha mara moja, ikamwangusha mara ya pili, na ya pili alirudi hapa, hata mate hakugusa mpaka tela likaisha.

"Nikianguka tena, vitabu nawapa mbuzi," alisema siku hiyo. "Naapa kwa marehemu mama. Mimi na shule basi."

Na Bonge akiapa kwa mama yake, hafuti kauli. Ndiyo maana mtihani wa tatu tuliuhesabia siku sote.

Sasa, anayemaliza shule kwetu hapewi maua. Anapigwa mayai, anamwagiwa unga, haradali, siki, chochote kinachonuka, mpaka mama yake mzazi ashindwe kumtambua. Tulikusanya mayai trei tatu na kuyaficha nyuma ya kibanda wiki nzima. Tukakubaliana na Bonge kabisa: ukifaulu, piga honi mara tatu ukifika kwenye kona.

Jumatano, saa sita na nusu mchana, upepo wa Zonda unavuma moto kama mdomo wa tanuri, tukasikia honi kutoka kwenye kona. Moja. Mbili. Tatu.

"Kafaulu!" nikapiga kelele. "Kafaulu, jamani, Bonge kafaulu!"

Hatukumvamia hovyo, msitufikirie vibaya. Tulimwacha aegeshe tela, aweke vizuizi vya magurudumu, aunganishe waya wa ardhini na mpira wa gesi, avuke mstari wa njano wa usalama. Sheria ni sheria. Nicanor, huyu mchomaji wa tanuri, alitaka kuongeza chokaa kwenye unga nikamzaba kofi la bega; chokaa inaunguza macho, mpumbavu huyu ameichoma miaka ishirini na hajui? Bonge alipovuka tu mstari, yai la kwanza lilimpata kwenye sikio. Nililirusha mimi.

Tulimmaliza. Unga kilo kumi. Alikuwa akipiga mikono hewani na kupayuka, nasi tukiimba kwa nguvu zaidi, tukidhani ni furaha. Mayai yalipoisha ndipo tukamsikia.

"Mtihani ni leo! Saa kumi! Leo, enyi wanyama!"

Nicanor akaficha mfuko mtupu wa unga nyuma ya mgongo.

"Na honi je?" nikauliza.

"Mbuzi, Zulema! Mbuzi walikuwa barabarani!"

Wanaume wote wakageuka kunitazama. Nicanor akasema polepole, "Jumanne, eeh?" Nilitamani ardhi inimeze.

Maji ya kumwosha hayakuwepo. Gari la maji huja Alhamisi, na tangi lilikuwa likikohoa tu. Kilichokuwepo ni birika langu la mate. Kwa haraka na hofu nikamwagia kichwani bila kupima joto, akaruka, na nilipomgusa nywele, jamani, yai lilikuwa limeiva. Lilikuwa limeshikana na unga, Zonda ikalikausha hapohapo. Nilimpikia mtu keki kichwani.

"Umenichemsha sasa," akasema Bonge. Hata hasira ilikuwa imemwishia.

Shati jeupe alilopigiwa pasi na mkewe, Mirta, lilikuwa limening'inia salama ndani ya lori. Akalivaa. Nikamwachia Nicanor geji, nikampakia Bonge kwenye pikapu yangu ili ajisomee njiani, nikaendesha kilomita sabini nikiomba msamaha kila kilomita. Yeye alikuwa ameshika daftari bila kufungua ukurasa.

"Omba nipate gesi," alisema mara moja tu. "Swali la gesi nitaliweza."

Shuleni, bawabu akasimama mlangoni na fagio lake. Akamtazama Bonge juu mpaka chini, uso ukachanua.

"Hongera, mzee! Hongera sana! Lakini ndani huingii hivyo. Waliomaliza wanashangilia barabarani, juzi nimesugua sakafu mpaka magoti yakaniuma."

"Sijamaliza," akasema Bonge.

"Basi nani kakupiga mayai?"

"Mimi!" nikafoka. "Ni kosa langu, nimekosea siku, mpishe mtu apite!"

"Mama, hakuna anayepigwa mayai kabla ya kumaliza."

"Yupo! Huyu hapa!"

Tulikuwa tunavutana fagio, mimi na yeye, alipotokea Mwalimu Echegaray, mwenyekiti wa jopo la mtihani, mwanamke mkavu ambaye sijui kama amewahi kucheka. Akamtazama Bonge. Kipande cha yai kikaanguka begani, kwenye lile shati jeupe.

"Bwana Olguín," akasema, "umejiamini sana mwaka huu. Ingia."

Mlango waliuacha wazi kwa sababu ya joto, basi nilisikia kila kitu. Akachota kipira chenye namba ya swali. Haikuwa gesi. Ilikuwa vioo. Na vioo ndivyo vilivyomwangusha mara ya pili.

"Kioo mbinuko," akasema mwalimu. "Tueleze."

Nikasikia kiti cha Bonge kikilia. Nilianza kuwafikiria wale mbuzi wakitafuna vitabu.

"Kwenye lori lako una vioo vya pembeni?" akauliza mwalimu.

"Ninavyo. Viwili kila upande." Sauti yake ikabadilika. "Kile cha juu kimenyooka. Kile kidogo cha chini kimebinuka. Kilichobinuka kinafanya vitu viwe vidogo, ndiyo maana vingi vinaenea ndani yake. Naona tela zima, naona mpaka mbwa. Lakini kinadanganya umbali. Gari linaonekana liko mbali, kumbe limekufikia. Dereva mgeni anakiamini, halafu anamgonga mtu. Mimi natazama kile cha juu kwanza…"

Hakunyamaza tena. Walimnyamazisha wao.

Saba juu ya kumi! Alitoka akipunga daftari hewani. Nje Mirta alikuwa anangoja na mayai yake kumi na mawili, na alipomwona mumewe alivyo, akasimama mikono kiunoni.

"Nani kampiga mume wangu kabla yangu?"

Bonge, msaliti, akaninyooshea kidole. Manne yalinipata mimi, na nilistahili. Yaliyobaki alipigwa yeye, akilia na kucheka pamoja, na bawabu akapewa moja arushe. Mwalimu Echegaray alishuka ngazi taratibu, akanyoosha mkono, akasema, "Niachieni moja." Akalipasua katikati ya utosi wa Bonge, akalipaka vizuri kwa kiganja, akarudi ndani kuita mtahiniwa mwingine.

Kesho yake gari la maji lilikuja, na Bonge naye akaja kulichukua lori lake, amenyoa kipara. Nikamwekea fomu mezani. Safari hii hakufunika kwa kiganja. Aliigeuza kabisa upande wangu nione, akaweka alama kwenye "sekondari, amemaliza", akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

"Imeharibika," akasema kwa wasiwasi. "Nipe nyingine."

Nikampa nyingine, akaijaza tena, hiyo ndiyo iliyoenda ofisini. Ile iliyotoboka nimeibandika kibandani, juu ya geji, karibu na kalenda.