Lenzi Tatu na Jicho la Mama Kadzo

Siku yangu ya kwanza katika studio ya Changamwe sikushika kamera. Mwenye studio, mzee wa Kimvita asiyevua kofia yake hata ndani ya chumba cha giza, alinionyesha sanduku la bati lenye balbu ndogo inayowaka ndani.

"Lenzi zinalala humu," akasema. "Unyevu wa huku kwetu hauna adabu. Balbu ikizimika siku mbili, vioo vitaota ukungu kama mkate. Kazi yako ni balbu."

Kamera nilipewa baadaye. Nikampiga picha karani mmoja wa bandarini kwa lenzi ya kawaida, ya milimita hamsini, nikamsogelea mpaka uso ukajaa. Mwenye studio aliitazama ile picha.

"Pua ya huyu bwana imefika kabla yake."

"Ndivyo alivyo, mzee."

"Wallahi sivyo! Umemsogelea mno. Shika lenzi ndefu kidogo, rudi nyuma, uache uso utulie."

Lenzi ndefu kidogo tulikuwa nazo tatu, zote kuukuu. Ya themanini na tano, ya Kirusi, ilikuwa laini na haikuona makunyanzi. Ya mia moja na tano, ya Kijapani, ilionyesha kilichopo bila kuzidisha. Ya mia moja thelathini na tano, ya Kijerumani, ndiyo niliyoipenda, ila ilinitaka nirudi nyuma mpaka mgongo unagonga mlango.

"Endelea hivyo," mwenye studio akanicheka, "mteja utampigia kelele toka barabarani."

Alipozidiwa na uzee akafunga duka, nikaenda hoteli moja ya Nyali kupiga wageni picha. Meneja wa mauzo pale alitaka meno tu. "Macho hayauzi vyumba," alikuwa akisema. Nilivumilia, nikakusanya akiba, nikamwendea yule mzee nikanunua zile lenzi tatu, nikafungua chumba changu cha picha katika mtaa wa Shika Adabu.

Nilitaka kujua kwa hakika ipi ni bora. Aliyekaa mbele ya kamera ni mke wangu, Mama Kadzo. Kila nilipojaribu alimaliza kuuza mahamri yake, akafuta unga mikononi, akakaa kwenye kigoda karibu na dirisha.

"Baba Kadzo, leo ni picha yangu au ya lenzi?"

"Ya lenzi. Yako nitakupiga rasmi, nikishajua ipi inakufaa."

"Haya. Iambie isinizeeshe."

Ili nisipoteze karatasi za picha, sikukuza uso mzima. Nilikuza jicho lake la kushoto tu, nikalinganisha kope kwa kioo cha kukuzia, nikaandika namba ya lenzi nyuma ya kila kipande. Filamu zenyewe nilizitupa, kwa kuwa hazikuwa za mteja. Kisha ya themanini na tano ikaingia ukungu, nikaipeleka kusafishwa. Ikarudi, ya mia moja na tano ikakwama pete ya kulengea. Kila mara palikuwa na sababu, na ile picha rasmi ikangoja miaka.

Mama Kadzo aliugua majuma machache tu. Binti yetu alipotaka picha ya kuweka juu ya jeneza, nilifungua maboksi yote. Nilikuta maharusi wa Kiembeni, watoto wa komunyo, mabaharia nisiowajua. Mwishowe tulikuza ile ya kitambulisho, imefifia na shavu moja limekatwa na muhuri.

"Baba, wewe fundi mzima," Kadzo akasema. "Hakuna nyingine?"

"Hakuna."

Sikumweleza kwa nini. Namweleza hapa.

Nimestaafu sasa, na vijana wenye kamera mpya huja kuniuliza kuhusu lenzi za zamani, ipi nzuri kwa sura. Mimi huwajibu kwa haki: ya mia moja na tano. Wakiuliza imezizidi zile nyingine kwa kiasi gani, nawaambia ni kope mbili tatu, tena kwa kioo cha kukuzia.

Vipande vitatu vya jicho lile, kimoja kwa kila lenzi, ninavyo bado. Katika cha kwanza jicho limechoka. Alikuwa ameamka alfajiri kukanda unga. Katika cha pili linanitazama sawasawa. Katika cha tatu, cha ile lenzi ndefu ya Kijerumani, pembe ya jicho imejikunja, kwa sababu nilirudi nyuma nikagonga mlango naye akacheka. Kope zimetoka moja moja, safi kabisa. Mdomo niliuacha nje ya karatasi.