Hukumu ya Dakika Ishirini

Siku ya tatu ya msiba, turubai likiwa bado halijashushwa, Raudha aliichukua simu ya marehemu mdogo wake akaliandikia kundi lake la mtandaoni la watu wa gemu. Aliyarudia maneno ambayo mjomba wao, mzee Mbwana, aliyasema mbele ya jeneza: "Mudathir ameishi na watu. Kama kuna aliyekosewa naye, kwa mkono au kwa ulimi, tunamwombea radhi. Msameheni."

Kundi lilikuwa na watu zaidi ya mia nne. Majibu yalimiminika. Tumemsamehe. Mungu amlaze pema. Nani sasa atatuambia gemu lipi mninga, gemu lipi msonobari? Raudha alikuwa akiyasoma huku akifuta macho kwa pindo la mtandio, mpaka alipofika kwenye jibu moja fupi lililoandikwa na mtu aitwaye Cyprian.

"Mie sijamsamehe."

Alilisoma mara tatu. Akaiweka simu kifudifudi juu ya mkeka.

Raudha alikuwa mwalimu wa chuo, miaka kumi na minane akiwafundisha watoto wa Keko kusoma Kurani. Jambo hili alikuwa amewafundisha yeye mwenyewe, tena kwa msisitizo: mja akimkosea Mola wake, Mola ni mwingi wa kusamehe, lakini akimkosea mja mwenzake, haki ile inabaki mkononi mwa yule aliyekosewa mpaka yeye mwenyewe aiachie. Na mdogo wake sasa alikuwa chini ya udongo, hana mdomo wa kujiombea. Kama Cyprian asingetamka msamaha, Mudathir angeendelea kulala na deni la ulimi wake. Raudha hakupata usingizi wa maana tangu hapo.

Mudathir alikuwa fundi wa mashine za gemu na pedi zake za kubonyeza. Kachumba kake kalibanwa katikati ya karakana mbili za samani, na vumbi la mbao liliingia kwenye kila mashine aliyoifungua. Alikuwa akilipuliza kwa mdomo, anacheka, anasema hata gemu za Keko zinanukia mkongo. Gemu jipya likitoka alikuwa analitafuta kokote liliko, analicheza, anaandika maoni yake kwenye kaunta buku, halafu anayasoma kwenye simu kwa sauti na kuyatuma kwenye kundi. Vipimo vyake alivijifunza kwa majirani zake maseremala. Gemu bora kabisa liliitwa mninga. Lililofuatia liliitwa mkongo. La wastani lilikuwa msonobari. Na lile lisilofaa kitu aliliita maranda, yale mabaki yanayofagiliwa chini baada ya mbao kupigwa randa.

"Gemu la mpira la mwaka huu," alisema mara moja, "ni lile la mwaka jana limepakwa vanishi. Nyasi zimependeza, lakini kipa bado anaruka kama anaogopa kuchafua jezi. Msonobari."

Na kuhusu gemu moja la kutisha: "Linatisha robo saa ya kwanza. Baada ya hapo unajua kila mlango una mtu nyuma yake, mpaka unaanza kumwamkia shikamoo."

Watu walimpenda kwa hayo. Walimwamini pia, kwa sababu alikuwa na kanuni moja aliyoiandika kwa wino mwekundu kwenye jalada la kaunta buku: Sihukumu nisichokimaliza.

Raudha hakuwahi kumsikiliza. Kila hukumu Mudathir alimtumia yeye kwanza, kabla ya kundi, na kila mara Raudha alimjibu kwa alama ya kidole gumba bila kuifungua. Kwake ule ulikuwa upuuzi, muda wa Mungu unaochezewa. Alimlea Mudathir tangu mama yao alipofariki, akamuuguza figo zilipoanza kushindwa, akawa anampeleka kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Alidhani hakuna asichokijua kwake.

Matanga yalipokwisha, alikwenda karakana ya Talha, seremala wa jirani. Talha alizima mashine, akajipangusa mikono.

"Shikamoo, dada Raudha."

"Marahaba. Cyprian ni nani?"

Talha alishusha pumzi. "Dogo mmoja wa Madale. Alitengeneza gemu lake mwenyewe, peke yake, hapahapa Bongo. Mudi akaliita maranda."

"Ndiyo hilo tu?"

"Dada, wewe hujui. Mudi akisema maranda, gemu limekufa. Na kulikuwa na yule mama wa kwenye gemu, anavyotembea. Watu wakakata kile kipande wakakiwekea muziki wa singeli. Kikazunguka mji mzima."

"Na wewe ulicheka?"

Talha aliangalia chini. "Nilicheka. Nikamtumia na shemeji yangu."

Raudha aliketi juu ya fremu ya sofa isiyovishwa kitambaa, akaitafuta ile hukumu kwenye simu ya marehemu. Sauti ya mdogo wake ikatoka pale kwenye vumbi, ikamfanya Talha ageuke kando.

"Huyu mama sijui kaweka kokoto kwenye viatu? Anaburuta mguu kama anavuta kitanda. Nimemsukuma dakika ishirini, akafika kwenye jiwe akakaa, hainuki. Nabonyeza, hainuki. Mtengenezaji kasahau kumpa magoti. Ndugu zangu, haya ni maranda, fagieni."

Katika kaunta buku, aliyokwenda kuifungua kachumbani mwa marehemu, mbele ya kila gemu Mudathir aliandika muda alioutumia. Saa kumi na nne. Saa thelathini na moja. Mbele ya gemu la Cyprian iliandikwa: dakika 20. Raudha alifunga lile jalada, na maandishi mekundu yakamtazama.

Nyumba ya akina Cyprian huko Madale ilikuwa mlimani, mwisho wa njia ya udongo mwekundu. Raudha alifika baada ya adhuhuri, magoti yakimuuma. Kijana mrefu, mwembamba, alitoka barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mie ni dada yake Mudathir wa Keko."

Uso wa Cyprian ulikunjamana. Hata hivyo alimletea kiti na maji, akasimama mpaka alipomaliza kunywa.

"Nimekuja kumwombea radhi," Raudha alisema. "Mwenyewe hawezi tena."

"Pole kwa msiba, dada. Mie ni Mkristo. Kila siku nasali tusameheane. Naisema, halafu ikifika kwake inanikwama hapa." Alijigusa koo. "Naomba nikuulize kitu kimoja. Alicheza mpaka mwisho?"

Raudha aliliona jibu jepesi likipita mbele yake. Nani angejua? Neno moja, ndiyo, na kijana huyu pengine angelainika. Lakini alikuwa amekuja kumtua mdogo wake mzigo, si kumwongezea.

"Hapana. Aliacha dakika ya ishirini. Na alikuwa na kanuni ya kumaliza. Akaivunja kwako."

Cyprian aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali aliyokwisha kuyajua. "Basi malizia wewe."

"Mimi? Sijawahi kushika hicho kitu maishani."

"Na yeye hakuwahi kumjua mama yangu, akamcheka. Karibu ndani."

Sebuleni kulikuwa na kompyuta juu ya meza, na ukutani picha ya mwanamke mnene mwenye tabasamu la upande mmoja. Chini yake iliandikwa Kokushubila, na mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Cyprian alimwekea pedi mkononi.

"Kitufe hiki kinampeleka mbele. Usikaze vidole, dada, hukandi unga."

Kwenye kioo mama alitokea, amebeba kikapu, njia ya udongo mwekundu mbele yake. Raudha aliitambua njia. Alikuwa ametoka kuipanda. Alibonyeza. Mama akaenda, mguu wa kushoto ukiburutwa. Raudha alimgongesha ukutani, akamtumbukiza mtaroni, akamwomba msamaha kwa sauti, na Cyprian nusura acheke. Wakaendelea kupanda. Kisha mama akafika kwenye jiwe, akaketi.

Raudha alibonyeza. Mama hakuinuka. Alibonyeza tena, kwa nguvu.

Ndipo akaona mabega ya yule mama. Yalikuwa yanapanda na kushuka.

Aliyajua mabega yale. Miezi ya mwisho, wakitoka kusafisha damu, Mudathir alikuwa akifika kwenye magogo ya Talha anakaa, mabega yakipanda na kushuka hivyohivyo. Raudha akisimama kumngoja, Mudathir alikuwa anakasirika. "Tangulia, dada! Kwani mimi mzee?" Kwa hiyo Raudha alijifunza kutomhimiza na kutomshika mkono. Alikuwa anasimama tu, anatazama pembeni, mpaka Mudathir ainuke mwenyewe.

Aliiachia pedi, akaiweka mapajani. Akatazama dirishani.

Dakika moja ikapita, labda mbili. Mama akajishika goti, akainuka.

Cyprian alivuta kiti karibu.

Mawe yalikuwa matano, na kwenye kila jiwe Raudha aliiachia pedi, akangoja. Juu kabisa palikuwa na nyumba yenye baraza ileile aliyonywea maji. Mama akabisha hodi. Ndani, kijana amevaa vipokea sauti masikioni, anacheza gemu, amegeuza mgongo. Mama akabisha tena. Mwishowe kijana akavua vile vya masikioni, akainuka, akafungua mlango. Kioo kikawa cheusi.

"Kwenye gemu nimemfanya afungue," Cyprian alisema. "Mie sikumfungulia. Nilitoka jioni kutafuta maji nikamkuta barazani, ameshakata roho. Alikuwa ametembea toka hospitali, presha ilishampooza mguu. Ndiyo mwendo wake ule. Niliukumbuka hatua kwa hatua, nikauweka. Halafu wakauchezea singeli."

Raudha alilia bila kujificha. Alipoweza kusema, alisema pole pole.

"Sisemi haya kumtetea. Alikosa, na ametangulia na kosa lake. Lakini mdogo wangu alikuwa anakaa kwenye jiwe kama lile kila tunapotoka kusafisha damu, na alikuwa anaona haya. Watu wake wa gemu hawakujua kama anaumwa. Nadhani alimwona mama yako kaketi, akajiona mwenyewe. Akakimbilia kucheka."

Cyprian aliigeukia picha ya ukutani. Nje jirani alikuwa anaita kuku.

"Toa hukumu," alisema. "Ya kweli."

"Mie sijui gemu, mwanangu."

"Umemaliza. Wa kwanza kumaliza, hakuna mwingine."

Raudha alifikiri. "Njia ni ndefu mno baada ya jiwe la tatu. Na mtaro ule haufai, unamtesa bure. Lakini yule mama ni mtu. Mkongo."

Cyprian alicheka kidogo, kwa uchungu, akafuta pua kwa kiganja. "Mkongo nakubali." Kisha akaitoa simu yake, akaandika, akamgeuzia Raudha aone kabla hajatuma. Nimemsamehe Mudathir. Dada yake amemaliza gemu kwa niaba yake.

Siku ya hitima ya arobaini, baada ya dua, mzee Mbwana aliuliza kama kuna aliyebaki na kinyongo na marehemu. "Hakuna, mjomba," Raudha alijibu. "Wote wametamka."

Wageni walipoondoka aliingia chumbani, akafunga mlango, akaifungua simu yake mwenyewe. Zilikuwepo hukumu sitini na tatu ambazo Mudathir alimtumia, zote na alama kwamba hazijasikilizwa, na chini ya kila moja kidole gumba chake. Alikwenda juu kabisa, kwenye ya kwanza, akaibonyeza.

"Dada, sikiliza hii," Mudathir alisema. "Hili ni gemu la kulima. Hakuna wa kumpiga wala wa kumfukuza. Unapanda, unamwagilia, unalala. Wewe ungelipenda. Nimelicheza saa kumi na tisa, na nataka nikwambie..."

Hapo akanyamaza. Pumzi yake ilisikika, nzito, ikipanda na kushuka karibu na simu.

Raudha hakugusa kitu. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akangoja.