Majani ya Seleri ya Mzizi

Ile siku niliyong'oa seleri zangu za kwanza hainitoki, mwanangu. Nilikuwa kijana, hapa hapa Haneti, na baba alikuwa amenipa tuta la karibu na kisima kwa msimu mmoja tu. Mboga ikikubali, nibaki bustanini; ikikataa, niende Kizota, kule Dodoma mjini, kwa mjomba nikajifunze kuchomelea vyuma. Na mimi vyuma sikuvipenda hata kidogo.

Nilipanda seleri ya mzizi. Ni ndugu wa ile seleri unayoijua, zinanukia sawa, na majani yake huwezi kuyatofautisha. Ila ile tunakula mashina. Hii hukaa miezi mingi ikinenepesha mzizi mpaka uwe kama ngumi, wenye manundu, sura mbaya kweli, lakini supu yake utaramba bakuli.

Basi nikang'oa. Loo! Kila mche, kimzizi chembamba kama kidole cha mtoto.

Shangazi, dada yake baba tuliyeishi naye, akaja na ungo wake, akaona, akashika mdomo. Kumbe alikuwa akichuma yale majani kila asubuhi, kama sisi Wagogo tunavyochuma majani ya kunde: ukichuma, yanazidi kuchipua. Jani linaloliwa, mwanamke wa kwetu haliachi lizeeke bure.

"Nilidhani nakusaidia, baba," aliniambia. "Kumbe majani ndiyo yanayoulisha mzizi?"

Nilikasirika mpaka machozi yakanilenga. Neno baya lilikuwa mdomoni tayari. Nikalimeza, nikaokota vile vimizizi nikavitia kwenye ungo wake.

Jioni alikwenda mwenyewe kwa baba. "Kaka, mikono yangu ndiyo iliyoharibu. Usimpeleke kijana Kizota kwa kosa langu. Mpe msimu mwingine."

Baba hakuwa mtu wa kugeuza kauli. Ila siku ile alimwambia dada yake, "Haya. Lakini wewe ndiye utakayelinda hilo tuta."

Alililinda, mwanangu, hata mbuzi walimkoma; mizizi ikanenepa, nami nikabaki bustanini.

Kwa hiyo unapootesha jambo lako, waambie wa nyumbani unachokingojea. Wanaokupenda watashika kile wanachokiona. Na wakikuharibia kwa mapenzi, meza lile neno, uwaachie nafasi ya kutengeneza. Mungu akujalie watu wa kukuombea msimu wa pili, na siku mkono wako ukiharibu cha mwenzio, akupe ujasiri wa kwenda kusema, "Ni mimi."