Rufaa Ilisubiri, Nyumba Haikusubiri

Tangu Jumatatu sijatulia. Jirani yangu hapa Kayole, mjane anayefua nguo za watu kule Komarock, alishindwa kesi ya ploti, akakata rufaa wiki hiyo hiyo. Sisi majirani tulimwambia alale usingizi. Kesi ikiwa imepanda juu, nani atamgusa?

Jumatatu asubuhi dalali wa mahakama akaja na wanaume wanne wenye nyundo. Mama huyo akamwonyesha karatasi zake za rufaa, akizishika kwa mikono miwili.

"Mathe, hii ni rufaa tu," dalali akasema kwa upole. "Amri ya kusimamisha ubomoaji iko wapi?"

Hakuna aliyejua kwamba hiyo huombwa kando. Tulikimbia mjini, mimi na yeye, tukatafuta wakili wa kuiomba. Saa nane tulipofika mbele ya jaji, wakili wa upande wa pili alisimama akasema nyumba imekwisha kubomolewa.

Jaji akavua miwani, akamtazama mama.

"Sasa mama, nisimamishe nini?"

"Nyumba, mheshimiwa. Nisimamishie nyumba yangu."

Hakuna aliyecheka. Jaji aliinama, akaandika kwa muda mrefu, kisha akasema ombi limepitwa na wakati, ila rufaa itasikizwa.

Mwenyewe ameapa kuendelea nayo, na wakili anasema ana nafasi nzuri ya kushinda. Ninachojiuliza ni kimoja tu: hiyo barua ya ushindi ikija, italetwa kwenye mlango upi?