Bomba Halipiti kwa Lazima

Verla Tveit alikuwa mpishi wa shule kabla hajawa mbunge, na nusu ya watu wa Halvorsby walikua kwa supu yake. Ndiyo maana walipomchagua aende bunge la jimbo kule Bismarck, hakuna aliyeanza kumwogopa. Walimsimamisha dukani kumlalamikia barabara, na kanisani walimvuta koti sala ikiendelea. Naye hakuwa mtu wa kubembeleza. Ukimuuliza, atakujibu, upende usipende.

Bunge la Dakota Kaskazini hukaa mwaka mmoja likapumzika mwaka wa pili. Kila kikao kipya kikikaribia, Verla huwaita watu wake kwenye jengo la zimamoto awaeleze yanayokuja. Jumamosi ile ya Desemba walijaa mpaka mlangoni, wamekumbatia vikombe vya kahawa. Kilichowaleta ni bomba. Kampuni moja ilitaka kufukia chini ya mashamba yao bomba la kupeleka moshi wa viwanda ukazikwe ardhini mbali. Wengine walikubali wakatia saini ili walipwe, wengine wakakataa katakata. Sasa kulikuwa na fununu ya sheria ya kuiruhusu kampuni kupita hata kwa waliokataa.

Kabla Verla hajapanda jukwaani, Duane Kessel, kiongozi wa chama chake bungeni, alimvuta kando, karibu na gari la zimamoto.

"Verla, usiwaahidi kitu. Waambie muswada bado tunautazama."

"Tunautazama nini, Duane? Umeshauandika."

Kessel akatabasamu. "Kile kiti chako kwenye kamati ya kilimo, wengi wanakimezea mate. Sipendi nikuone umebaki peke yako."

Kamati ile Verla aliihangaikia miaka mingi. Ndiyo iliyomwezesha kuwapatia watu wake daktari wa mifugo, na bila kamati mbunge wa mji mdogo ni kama mgeni aliyekuja kusikiliza. Alimwacha Kessel pale. Alipanda jukwaani.

Alianza na barabara, akaja kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kisha akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Sasa bomba. Nimeambiwa hapa hapa, sasa hivi, niwaambie kwamba muswada bado tunautazama. Ni uongo. Umeshaandikwa. Nimeambiwa pia kwamba nikiupinga, kamati yangu kwaheri. Aliyeniambia yumo humu ndani, na namjibu mbele yenu: nitaupinga!"

Kessel aliiva uso mpaka masikioni.

Halafu kiti kikakwaruza sakafu. Aliyesimama ni Arlen, mdogo wake Verla, tumbo moja.

"Mheshimiwa!" akaita, akilivuta neno ili watu wacheke. "Mimi nimetia saini. Shamba langu. Wewe nani wa kunizuia?"

"Nani kakuzuia? Lizike bomba lako, Arlen. Lipitishe chini ya kitanda ukitaka."

Watu wakaangua kicheko. Verla hakucheka.

"Lakini kwa kuwa wewe umesema ndiyo, basi jirani yako Orpha hapo alazimishwe kusema ndiyo?"

"Orpha akikataa, bomba halipiti, na mimi sipati kitu! Ukame umenimalizia ng'ombe, dada. Ulikuwa wapi wewe?"

Swali lile lilimchoma. Alikuwa kwa Arlen, majira yote ya kiangazi, akimbebea nyasi kwa gari lake mwenyewe. Angeweza kulisema mbele ya watu wote na kumnyamazisha. Hakulisema.

"Najua ulivyoumia," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini shida yako haikupi ruhusa ya kuchukua cha jirani."

Arlen akachukua kofia yake akatoka. Hapo Orpha Lindvig, mjane aliyekwisha kuifukuza kampuni langoni kwake, akamgeukia Kessel.

"Kunywa kahawa, mwanangu, njia ni ndefu na kuna barafu. Ukifika Bismarck waambie shamba la Orpha halipitiki."

Walipiga makofi mpaka madirisha yakatetemeka.

Januari, Kessel alitimiza neno lake. Verla aliondolewa kwenye kamati ya kilimo, akahamishiwa kiti cha nyuma, penye mlango uingizao baridi. Wenzake waliozoea kula naye walianza kutazama sahani zao. Siku ya kura, Kessel alimwinamia.

"Nafasi bado ipo, Verla."

"Nafasi ya kupiga magoti? Magoti yangu mabovu, Duane."

Akabonyeza kitufe cha hapana. Ubaoni, kura za hapana zilizidi kidogo tu, muswada ukaanguka.

"Muswada utarudi kikao kijacho," Kessel akasema.

"Na urudi. Wakinichagua, utanikuta."

Kikao kilipokwisha alirudi nyumbani, ng'ombe wakiwa wanazaa. Arlen alikuwa hajamsemesha tangu Desemba. Verla alivaa mabuti akaenda zizini kwake bila kuitwa, akamkuta anahangaika na mtamba aliyeshindwa kuzaa. Arlen hakuinua kichwa.

"Shika mguu huo," alisema.

Walivuta pamoja, wakiteleza kwenye tope, mpaka ndama akatoka, akapiga chafya. Arlen akajifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Bado nasema ulikosea."

"Sema," Verla akamjibu, akiokota majani makavu ya kumkaushia ndama. "Sema mpaka uchoke."