Nitalala Hapa

Sauti ile si yangu. Nimelikana hilo miaka yote, kwenye harusi, kwenye makongamano, hata mbele ya mume wangu. Mwezi uliopita binti yangu aliikuta kwenye simu yake ile filamu niliyocheza utotoni, akaniuliza, "Mama, ulikuwa na sauti tamu, ilikwenda wapi?" Haikwenda popote, rafiki yangu. Uso ni wangu. Sauti ni ya mtoto wa jirani yetu wa Mbuchi, kwenye delta ya Rufiji.

Ilikuwa miaka ya ruksa, mitumba na televisheni vilipoanza kuingia. Mama yangu alikuwa mwalimu. Tulitokea bara, kule ziwani, ambako l na r ni ndugu wasiogawana mali. Mimi na mtoto wa jirani tuliamia ndege wasile mpunga, tumekaa juu ya dungu la miti tunatafuna mihogo ya kuchoma. Yeye akipiga ukelele, ndege walihama bonde. Nikipiga mimi, waligeuza shingo tu.

Wakaja vijana kutoka Dar na kamera ya begani na jenereta ya kuazima. Hawakuwa na mfadhili, walikuwa na hadithi: mtoto wa baba wa bara na mama wa delta, anagombewa na pande mbili. Walimtaka mtoto wa jirani. Lakini alikuwa amevunja ungo, ametiwa ndani, na mwali haonekani na watu mpaka atolewe. Basi wakanichukua mimi, mkuja, nicheze mtoto wa nyumbani.

Mwisho wa filamu mtoto anaulizwa atalala wapi. Anajibu, "Nitalala hapa, kwa bibi."

"Nitarara hapa," nikasema.

Tukarudia. Nitarara. Tukarudia mpaka jenereta ikakohoa, na kijiji kizima nyuma ya kamera kimeshika mbavu. "Rara basi, mtoto wa mwalimu, tukale!" Mama yangu alitazama chini. Na yeye alisema hivyohivyo, mbele ya ubao.

Bibi wa yule mwali ndiye aliyetuokoa. "Mwali haonekani," alisema. "Kusikika, nani kakataza?" Wakapitisha maikrofoni dirishani kwa mwali. Naye akasema mara moja tu, na vijana wa Dar wakazima jenereta.

Jioni ile nikamsikia mwali nyuma ya ukuta: "We mkuja! Rara salama!"

"Rara mwenyewe!" nikajibu kwa hasira. Ikawa ndiyo salamu yetu ya kila jioni.

Filamu ilionyeshwa Kibiti, kwenye banda la video lililonukia dizeli na samaki wa kukaanga. Pale kwenye "nitalala hapa" wanawake walilia. Walinikumbatia: "Kumbe mwalimu kazaa Mndengereko, mtu wa kwetu!" Nikakubali kukumbatiwa. Mwenye sauti alikuwa bado ndani. Kabla hajatolewa, mama akahamishwa, tukaondoka.

Chuo kikuu nilijifungia na kioo: lala, lula, lilia. Nikafaulu. Leo natamka kama msoma taarifa ya habari, na hakuna anayeniuliza kwetu wapi. Banda la Kibiti, naambiwa, halipo. Dungu letu lilikwisha kuoza zamani. Nikaona walau sauti irudi kwa mwenyewe, nikatafuta namba yake mpaka nikaipata.

Alipopokea nilimjua papo hapo. Sauti ileile, imekwaruza kidogo.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi, mtoto wa mwalimu. Tuliamia pamoja. Ipo filamu ina sauti yako, nataka..."

"Sauti yangu! Nyie matapeli kila siku mnakuja na jipya."

"Haki ya Mungu, dada, si tapeli."

Kuku walilia upande wake wa simu. "Haya. Kama ndiye, hebu sema: nitalala hapa."

"Nitalala hapa," nikasema, safi, bila kujikwaa.

Nilipogundua nilichofanya, alikuwa ameshaondoa simu sikioni, anamwambia mtu aliyekuwa karibu naye:

"Siye. Yule wetu alikuwa anasema nitarara."

Akakata.